Mtoto Aliyechelewa Kupiga Makofi

Nilimchapa mtoto wa miaka sita kwa rula kwa sababu alichelewa kupiga makofi. Naanza na hilo makusudi, maana najijua. Nikianza na ukungu wa milimani na jinsi watoto wa awali wanavyopendeza asubuhi, nitazunguka weee mpaka nifike mwisho bila kulisema. Rula yenyewe ilikuwa ya mbao, ile ya kuchorea mistari ubaoni, na nilimpiga vidoleni mara mbili. Hakulia. Aliitazama mikono yake, akanitazama mdomo, kisha akaiweka mikono mapajani.

Mimi ni mwalimu wa darasa la awali. Nimezaliwa Same mjini, karibu na barabara kuu, kwenye familia ya wenye duka, na upepo na vumbi ndiyo hali ya hewa niliyokulia. Nilipopangiwa shule ya milimani, kwenye kijiji ambacho sitakitaja, nyumbani walinipa pole kana kwamba nimefiwa. Kule juu wanalima tangawizi, maharage na migomba kwenye miteremko ambayo ukidondosha ndoo utaifuata mpaka kwa jirani. Majumbani wanaongea Kichasu, lugha ya Wapare. Kichasu changu mimi ni cha sokoni: nasalimia, nanunua ndizi, na nikisengenywa naelewa.

Darasa la awali ni watoto wa miaka mitano na sita, na langu lilikuwa limejaa mpaka mlangoni. Mtaala unasema tuwafundishe kuimba, kucheza na kupiga mapigo. Umeandika vizuri tu. Ila ukiuliza hivyo vitu vya kupigia viko wapi, unaambiwa uwe mbunifu. Nikawa mbunifu. Niliokota makopo ya rangi kwa fundi, nikagonga vizibo vya soda mpaka vikawa bapa na kuvitunga kwenye waya, na pipa la plastiki la bluu lililopasuka mdomoni nikaliomba kwa mama anayepikia walimu. Pipa lile lilipopinduliwa lilikuwa na sauti nzito kiasi kwamba ukilipiga, tumbo linajua kabla ya masikio.

Nilianza na miguu. Mtoto asiyejua kutembea kwa mapigo usimpe kopo, atakuharibia siku. Tulikanyaga chini wote pamoja, mguu huu, mguu ule, hatua hazikimbii wala hazilegei. Miguu ikishatulia, mikono ndiyo inapiga maneno: ndizi ni makofi mawili, maharage ni manne, tangawizi ni manne pia. Miguu inabaki pale pale, mikono inabadilika. Halafu nikawapanga wawili wawili, wanatazamana kama wanawake wanaotwanga kwenye kinu kimoja, huyu akishusha yule anapandisha. Hilo walilielewa siku hiyo hiyo, maana wamelala kwenye migongo ya mama zao wakati wa kutwanga. Watoto ambao hawakuweza kuhesabu mpaka kumi kwa mdomo walihesabu mpaka kumi na sita kwa miguu, na hawakujua kwamba wanahesabu.

Mwalimu mkuu hakuona yote hayo. Aliona kelele. Alikuwa anasimama mlangoni, mikono nyuma, anauliza, "Mwalimu, hapa ni shule au ni kwenye harusi?" Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya ishirini damu ilikuwa inanichemka. Huyu ni mtu ambaye kwenye mahafali ya awali alikodi spika kubwa, akawavalisha watoto majoho, akawaacha wakatike mbele ya wazazi kwa muziki wa mjini ambao maneno yake mtu mzima angeyaonea haya, na akapiga picha. Hiyo haikuwa harusi. Makopo yangu ndiyo yalikuwa harusi.

Sasa huyo mtoto.

Alikuwa katika mwaka wake wa pili wa awali, wa kike, mdogo wa mwili, anakuja kila siku, mvua inyeshe isinyeshe. Alikaa nyuma karibu na dirisha. Hakujibu maswali. Ukimwita, jirani yake alimgusa bega ndiyo akasimama. Katika chumba cha walimu tulikuwa tumeshalimaliza suala lake zamani. "Huyo Kiswahili bado," tulisema, tukaendelea na chai.

Naomba nieleze hilo neno, maana nalichukia kuliko matusi. Kule kwetu ni jibu la kila kitu. Mtoto hajibu: Kiswahili bado. Mtoto hajui rangi: Kiswahili bado. Mtoto analia: Kiswahili bado. Watoto wanakuja kutoka nyumba za Kichasu, au wale wachache wa wafugaji kutoka tambarare wanakuja na Kimaa, na kweli wengi wanatumia miezi kadhaa kushika lugha ya darasani. Ni kweli mara nyingi sana, na ndiyo maana hakuna aliyejisumbua kuangalia ile mara moja ambayo si kweli. Hakuna, na mimi nikiwemo.

Ila makofi hayahitaji Kiswahili. Hapo ndipo nilipojiona mjanja. Darasa zima likipiga pamoja, mikono yote ilishuka kwa kishindo kimoja, halafu ndiyo unasikia nyuma kule: pa. Kofi moja, limechelewa. Tukirudia, pa. Watoto walianza kulisubiri na kulicheka. Nikasema moyoni, kama si lugha basi ni kusudi. Huyu ananifanyia jeuri. Nikamtoa nyuma, nikamkalisha mbele kabisa, uso wake na uso wangu, wenzake wote mgongoni kwake, ili nimwone vizuri.

Akawa mbaya zaidi. Mbele pale hakuchelewa tena kofi moja, alikuwa anapiga ovyo, au hapigi kabisa, ananikodolea macho. Hiyo ndiyo siku niliyochukua rula.

Wiki ile ile mwalimu mkuu aliniita ofisini. Mwaka ulikuwa unaisha na alitaka orodha ya watoto wanaoingia darasa la kwanza. Alikuwa ameshaipitia mwenyewe na jina la mtoto yule amelipigia mstari.

"Huyu arudi nyumbani," alisema. "Miaka miwili awali inatosha. Hawezi kuingia la kwanza, ataniharibia darasa."

"Arudi nyumbani akafanye nini, Mkuu?"

"Akakomae. Akishakijua Kiswahili wamlete tena."

Kijijini kule tunajua maana yake. Mtoto wa kike anayerudishwa akakomae, anakomaa shambani na jikoni, na akija kukumbukwa wenzake wako darasa la nne. Nikamwambia anipe muda. Akanipa mpaka Ijumaa, kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi. Nilitoka nimekasirika, lakini nikiri, nilimkasirikia pia mtoto. Nilimwona ananiangusha. Nilitaka anipigie makofi sawasawa ili nimwonyeshe mkuu kwamba makopo yangu yanafanya kazi.

Jumatano nikacheza nao mchezo wa kufumba macho. Wanakaa chini kwa duara, macho yamefumbwa, mimi napiga mapigo kwenye kopo, wao wanayarudisha kwa makofi. Ni mchezo mzuri kwa sababu unamzuia mtoto kuiga mikono ya mwenzake. Anayechungulia anafungwa kitambaa. Yule mtoto alichungulia mara moja, mara mbili, mara ya tatu nikavua mtandio wangu nikamfunga macho.

Nikapiga kopo. Darasa likarudisha. Yeye alikaa mikono wazi, viganja juu, kama anayengoja kupewa kitu. Nikapiga tena. Watoto wakarudisha, wakaanza kucheka. Yeye kimya. Rula ilikuwa pale mezani na nasema kweli mkono wangu ulishaanza kwenda.

Kilichoniokoa, au kilichomwokoa yeye, ni kopo. Lilikuwa limelegea kifuniko, likawa linakera, nikaliacha nikaenda kwenye pipa. Watoto walikuwa wamebanana na yeye alikuwa ameegemea lile pipa kwa mgongo. Nikapiga mapigo matano, mawili ya pole na matatu ya haraka. Kabla wenzake hawajainua mikono, yeye alikuwa ameshayarudisha yote. Mawili ya pole, matatu ya haraka. Sawasawa kabisa, na kitambaa machoni.

Nikarudi kwenye kopo. Hakufanya kitu. Nikapiga pipa, akarudisha. Nikamsogeza mbali na pipa kwa hatua moja, nikalipiga, akakaa tu viganja wazi. Nikauchukua mkono wake, ule niliouchapa, nikauweka juu ya pipa, nikapiga mapigo magumu ambayo hata darasa la pili wangehangaika nayo. Akayarudisha, akatabasamu. Nikaenda nyuma yake nikadondosha mfuniko wa sufuria sakafuni. Darasa zima liliruka. Yeye aliendelea kutabasamu, mkono juu ya pipa, anangoja mengine.

Basi hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mtoto hakuwa anasikia. Miaka miwili alikuwa anapiga makofi kwa macho. Anaangalia mikono ya jirani, ikishuka naye anashusha, na hiyo safari ya kutoka jichoni mpaka mkononi ndiyo ilikuwa ile pa tuliyoicheka. Kwa akili yake peke yake, bila kufundishwa na mtu, alikuwa amebuni njia ya kukaa darasani na sisi. Nami nilimkalisha mbele, nikamnyang'anya mikono yote ya kutazama, halafu nikamchapa kwa kukosea. Ningependa kusema kwamba niliivunja ile rula. Niliirudisha kabatini.

Nilikwenda kwa mwalimu mkuu nikiwa na vumbi la chaki mpaka usoni, nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, hilo nampa. Kisha akasema, "Basi si wa kwetu huyo. Wapo wanaoshughulika na watoto wa namna hiyo."

"Wapo wapi, Mkuu?"

"Wapo."

"Wapo wapi? Nionyeshe kwa kidole. Dirisha hili hapa, niambie ni mlima upi nimpeleke kesho asubuhi."

Niliongea kwa sauti ambayo mpaka leo walimu wenzangu wananitania nayo. Nilimwambia kwamba mtoto amemzidi akili, kwamba yeye akifungwa kitambaa macho hatajua hata mlango uko wapi. Si maneno ya kumwambia mkubwa wako wa kazi wala sijivunii, lakini pia sijaomba radhi. Mwishowe alisema nilete karatasi ya daktari ndiyo ataliangalia jina upya. Karatasi ilikuja kupatikana na jina likarudi, na leo mtoto yuko darasa la kwanza. Nalisema mapema ili msomaji asidhani hadithi hii ni ya mwalimu shujaa na mkuu mbaya. Laiti ingekuwa hivyo. Mkuu alikuwa mvivu wa kufikiri tu, na wavivu wa kufikiri tulikuwa wengi.

Jioni ile nilipanda kwao. Njia inapita kando ya mfereji wa maji, halafu inaingia kwenye migomba. Bibi wa mtoto alikuwa uani anachambua maharage kwenye ungo, na mtoto amechuchumaa pembeni anachambua naye. Nikasalimia, "Shikamoo bibi." Akaitika marahaba, akanionyesha kigoda, akarudi kwenye maharage yake. Nilikaa pale kama nusu saa nikimsubiri mama arudi kutoka shamba, na katika nusu saa ile bibi hakumsemesha mjukuu wake hata neno moja. Alimwonyesha kwa mkono tu: hii tupa, hii weka. Nikafikiri, huyu bibi amejua zamani kwamba mtoto hasikii, amezoea.

Mama alifika na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Mwanamke wa makamo, mpole, mwenye kuogopa walimu. Nikamweleza polepole, nikimwonyesha masikio yangu, jinsi mtoto alivyofanya kwenye pipa. Hakushtuka kama nilivyotegemea. Alisema masikio ya mtoto yalikuwa yanatoa usaha kila msimu wa baridi tangu alipoanza kutembea, wakawa wanayakausha kwa pamba, yanapona, yanarudi.

"Lakini alikuwa anaongea, mwalimu," alisema. "Kabla ya shule aliongea. Na bibi yake hapa walikuwa hawanyamazi. Ukimsogelea karibu alikuwa anaitika."

"Sasa kwa nini hamwongei naye? Nimekaa hapa, bibi hajasema naye kitu."

Mama akamtazama bibi, bibi akatazama ungo. Wanapenda adabu watu wa kule, na adabu yao ilimfanya mama achague maneno kwanza.

"Wewe ndiye ulituambia, mwalimu," alisema. "Ule mkutano wa wazazi, mwaka wa kwanza. Ulisema tuache Kichasu nyumbani, tuongee na watoto Kiswahili, ndiyo watashika haraka. Bibi Kiswahili hajui, anajua kuitikia tu. Mimi hiki changu ni cha kuuzia tangawizi sokoni Myamba. Namwambia njoo, kula, lala. Tulitaka asome."

Nilikumbuka. Nilikumbuka mpaka gauni nililovaa. Nilisimama mbele ya wazazi, mwalimu kijana kutoka mjini, nikalisema hilo kwa ufasaha mkubwa, na mkuu akanipigia makofi. Nililisema kila mwaka. Wazazi wengine, nadhani, walitoka pale wakarudi kwenye Kichasu chao kabla hawajafika mferejini, na watoto wao hawakudhurika. Nyumba hii moja ilinitii. Mtoto aliyebakiwa na usikivu kidogo, anayehitaji maneno mengi, ya karibu, ya lugha ambayo bibi yake angeweza kummwagia kutwa nzima, alipewa matatu. Njoo, kula, lala.

Nilitaka kumkasirikia mtu. Nilimtafuta upande wa mkuu, wa mtaala, wa yule mama kwa kunitii, hata wa bibi. Kwa nini mtu mzima akubali kunyamaza kwa mjukuu wake kwa sababu kabinti ka Same kamesema? Lakini alikubali kwa sababu alidhani kwamba najua ninachosema.

Tulishuka Same siku mbili baadaye, mama, mtoto na mimi, kisha tukapelekwa mpaka Moshi kwenye hospitali yenye daktari wa masikio. Mtoto alivalishwa vile vidude vya kusikilizia, akaambiwa kwa ishara anyanyue mkono kila anaposikia sauti. Alikaa pale mkono mapajani muda mrefu sana. Upande wa kulia hakunyanyua hata mara moja. Upande wa kushoto alinyanyua, akashusha, akanyanyua, na kila mara alitutazama kama anauliza kama amepatia.

Daktari alikuwa mwanamke mtaratibu. Alisema sikio la kulia limeshakwenda. La kushoto lina mabaki, litatibiwa usaha, na kifaa cha kusikilizia kitasaidia. Akauliza hali hii ina muda gani. Mama akasema miaka, na daktari akaandika bila kutulaumu, jambo ambalo lilinichoma zaidi. Akauliza mtoto anajua maneno mangapi. Mama akayataja kwa vidole, na vidole vya mkono mmoja na nusu vilimtosha.

"Ongeeni naye sana," daktari alisema. "Sikio la kushoto, karibu, kila mnachofanya mkiseme. Miaka hii ndiyo ya lugha, na mingine imeshapita."

Alisema hivyo kwa mama, lakini mimi ndiye niliyeinamisha kichwa.

Tulitoka nje tukasimama kwenye baraza, watu wanapita na bahasha zao za picha. Mtoto alikuwa ameshika khanga ya mama yake, anatazama midomo ya kila anayepita. Nilikuwa natafuta maneno ya kuomba msamaha na sikuyapata, ya Kiswahili wala ya Kichasu. Nilikuwa sijamwambia hata habari ya rula. Mama akanitangulia. Alijikunyata kidogo, vile wanavyofanya wakitaka kuuliza jambo shuleni, akasema kwa sauti ya chini:

"Mwalimu, sasa unaturuhusu tumwongeleshe Kichasu?"

Nikamwambia, "Ndiyo, mama."

Alinitazama kwanza, kuhakikisha kwamba sitabadilisha tena. Kisha akachuchumaa palepale barazani, akausogeza utosi wa mtoto, akaweka mdomo kwenye lile sikio la kushoto, na akaanza kuongea. Aliongea muda mrefu, haraka, bila kupumzika, anacheka na kufuta machozi kwa mkono ule ule, na mtoto aligeuza kichwa kumtafuta anayesema. Sikuelewa hata nusu yake. Nilisimama na mkoba wa dawa mkononi mpaka alipomaliza.